Kunyamazisha jeni za ukungu wa kijivu kwa RNA ya nyuzi mbili: mwongozo kamili wa jaribio la majani yaliyokatwa

Maswali yanayonifikia kuhusu kunyamazisha jeni, yaani kuizuia isifanye kazi kwa kutumia RNA ya nyuzi mbili, ni ya aina mbili. La kwanza: "Nimenyunyiza RNA, ukungu umeota vilevile, nimekosea wapi?" La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: "Madoa yamepungua kwa nusu, nianze kuandika makala?"

Kwa kawaida wote wawili wamejikwaa palepale, kwenye kitu cha kulinganisha nacho. Wa kwanza hajui kama RNA yake ilikuwa nzima siku ile. Wa pili hajui kama kilichopunguza madoa ni jeni kunyamaza, au ni kwamba spora zilikuwa chache kwenye tyubu ile. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye uhakiki kuliko kwenye kunyunyiza. Kunyunyiza ni kazi ya dakika kumi.

Tutatumia Botrytis cinerea, kuvu inayoleta ukungu wa kijivu kwenye mimea ya aina zaidi ya 1000. Inakua haraka, inanyonya RNA kutoka nje, na jenomu ya aina yake ya B05.10 iko wazi kwa yeyote. Ukishaiweza hii, hamia kwenye kuvu yako.

Mwongozo ni wa kuvu za mimea tu. Anayeshughulika na Aspergillus fumigatus au Cryptococcus, zinazoshambulia watu, anahitaji maabara ya kiwango kingine cha usalama na msimamizi aliyefunzwa.

## Andaa hivi kwanza

- Botrytis cinerea kwenye sahani za agari ya viazi na dekstrosi, pamoja na mchuzi wa viazi na dekstrosi wa nusu nguvu
- DNA au cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) ya kuvu hiyo, na DNA yenye jeni ya GFP, protini ya kung'aa kijani ambayo kuvu hii haina
- Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) zenye mkia wa T7, na praima nyingine za qPCR, kipimo cha wingi wa RNA ya jeni
- Kiti ya kunakilia RNA kwa polimarezi ya T7, pamoja na DNezi na RNezi A, vimeng'enya vinavyokata DNA na RNA
- Maji yasiyo na RNezi, ncha za pipeti zenye kichujio, glavu nyingi
- Jeli ya agarosi na kipimo cha RNA
- Hadubini na kioo cha kuhesabia seli
- Majani ya nyanya au saladi ya umri mmoja, kutoka mimea iliyokua pamoja
- Masanduku ya plastiki yenye mfuniko, karatasi za kufutia, rula, kamera

RNezi A inunuliwe, lakini ikae kwenye sanduku lake, kwenye kona yake, na pipeti yake. Inavumilia hata otoklevu, mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Tone moja likidondoka kwenye meza ya RNA, utatafuta mchawi mwezi mzima.

## Hatua ya 1: Jua kama kuvu yako inanyamazishika

Ili jeni inyamaze, mambo mawili lazima yawepo. RNA iingie ndani ya seli, na ndani iikute mitambo: protini ya Dicer inayoikata vipande vya nyukleotidi 21 hadi 24, na Argonaute inayovibeba vipande hivyo hadi kwenye RNA ya jeni husika.

Si kila kuvu inavyo vyote. Ustilago maydis haina mitambo hiyo kabisa. Zymoseptoria tritici inayo, ila RNA ya nje haiingii. Colletotrichum gloeosporioides nayo imejaribiwa ikaonekana hainyonyi. Nimeona mtu akibadilisha jeni lengwa mara nne kwenye kuvu isiyonyonya chochote.

Kwa hiyo pima unyonyaji kabla ya yote. Tengeneza RNA ya nyuzi mbili iliyotiwa rangi ing'aayo ya fluoresini, ichanganye na spora kwenye mchuzi, uache saa 12 hivi. Osha, kisha weka nyukliezi ya mikrokoka kwa dakika 30 katika nyuzijoto 37, ndipo uangalie kwenye hadubini.

Hiyo nyukliezi watu huiruka, na hapo ndipo wanapojidanganya. RNA hunata kwenye ukuta wa seli kwa nje, nayo hung'aa vizuri tu. Nyukliezi huila iliyo nje na kuiacha iliyo ndani.

Ukifaulu utaona: mng'ao ndani ya hifa, yaani nyuzi za mwili wa kuvu, hata baada ya nyukliezi. Ukiona ukingo tu unang'aa, RNA haijaingia.

## Hatua ya 2: Chagua jeni, halafu chagua kipande

Chagua jeni ambayo ikizimwa utaona kwa macho. CYP51 ni mfano mzuri. Inahusika na kutengeneza ergosteroli ya utando wa seli, na ndiyo inayolengwa na dawa za kundi la azoli. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba RNA inayolenga jeni tatu za CYP51 za Fusarium graminearum, ikinyunyizwa kwenye majani ya shayiri, hupunguza ugonjwa. Kwa Botrytis, jeni za usafirishaji wa vifuko vya seli, kama VPS51 na DCTN1, nazo zimetumika kwa mafanikio.

Utakutana pia na DCL1 na DCL2, jeni za Dicer zenyewe. Kunyamazisha Dicer kwa kumtumia Dicer ni kukata tawi ulilokalia, lakini mwaka huohuo wa 2016 ilichapishwa kwamba mbinu hiyo hupunguza ukungu. Tangu hapo maabara nyingine zimefuta jeni zote mbili na hazikuona kuvu ikidhoofika. Ubishi haujaisha, na anayeanza hana haja ya kujiingiza humo.

Baada ya jeni, kata kipande cha jozi 300 hadi 500 za nyukleotidi. Kifupi sana hutoa vipande vichache vya kunyamazisha. Kirefu sana kinasumbua kunakili na kinaongeza hatari ya kugusa jeni usizokusudia.

Kisha tafuta kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya jeni, kama kuna mfuatano wa nyukleotidi 21 au zaidi unaofanana kabisa na jeni za mmea unaoutumia, au jeni nyingine za kuvu yenyewe. Ukiupata, sogeza kipande.

Sogeza kwa akili, lakini. Acha sehemu ya jeni, angalau nyukleotidi 150, nje ya kipande chako. Utaihitaji kwenye hatua ya 8, na ukiikosa pale utarudi hapa mwanzo.

## Hatua ya 3: Tengeneza RNA na uhakikishe ni nyuzi mbili

Weka mfuatano huu mwanzoni mwa praima zote mbili, upande wa 5': TAATACGACTCACTATAGGG. Huo ndio mlango wa polimarezi ya T7. Ukiuweka kwenye praima moja tu utapata uzi mmoja, na kosa hilo halionekani hadi RNezi A ya namba 5 itakapoula wote.

1. Fanya PCR (kuzidisha kipande chako cha DNA), pitisha kwenye jeli. Mstari uwe mmoja. Ikiwa kuna miwili, kata unaoutaka, kwa sababu T7 itanakili yote bila ubaguzi.
2. Safisha DNA, tumia takriban mikrogramu 1 kwenye mchanganyiko wa mikrolita 20. Acha nyuzijoto 37 kwa saa 4, au usiku kucha.
3. Weka DNezi kwa dakika 15. DNA ikibaki itavuruga kipimo chako.
4. Pasha hadi nyuzijoto 75 kwa dakika 5, kisha acha ipoe polepole juu ya meza hadi joto la chumba. Usiiweke kwenye barafu. Nyuzi zinahitaji muda wa kutafutana. Zikipozwa ghafla kila mmoja hujikunja peke yake.
5. Weka RNezi A ndani ya chumvi ya NaCl ya milimola 300 kwa lita ili kuondoa uzi mmoja uliobaki.
6. Safisha kwa kolamu au kwa fenoli na kloroformu.

Hapo kwenye namba 5 na 6 ndipo RNA za watu wengi hufia. Kwenye chumvi nyingi RNezi A hukata uzi mmoja tu na kuziacha nyuzi mbili. Chumvi ikipungua, inakata zote. Sasa fikiria mtu aliyesafisha juujuu, akazimua RNA yake kwenye maji matupu. Chumvi imeondoka, RNezi imebaki. Jumatatu jeli ilikuwa safi; Ijumaa alinyunyiza maji yenye makombo.

Kwa hiyo pitisha RNA kwenye jeli mara mbili: siku uliyoitengeneza, na asubuhi ya siku ya kuitumia.

Unapopima wingi wake kwa mwanga wa nanomita 260, kumbuka kwamba mashine nyingi zikiwekwa kwenye "RNA" huhesabu mikrogramu 40 kwa mililita kwa kila kizio kimoja, kipimo cha uzi mmoja. Nyuzi mbili ni takriban 46. Tofauti si kubwa, ila makundi yote yapimwe kwa namna moja.

Ukifaulu utaona: mstari mmoja mkali karibu na DNA ya urefu uleule, bila ukungu unaoshuka chini yake. Ukungu ule ni RNA iliyokatikakatika. Gawa kwenye tyubu ndogondogo, hifadhi kwenye nyuzijoto hasi 80.

## Hatua ya 4: Panga makundi linganishi kabla hujagusa jani

Maji peke yake hayatoshi. Mimea huitambua RNA ya nyuzi mbili kama dalili ya uvamizi, ikainua kinga yake, iwe RNA hiyo inalenga jeni yoyote au hailengi kitu. Ukilinganisha RNA yako na maji na madoa yakapungua, huenda uliyemwona akifanya kazi ni mmea.

Uwe na makundi haya manne:

- Maji yaleyale uliyozimulia RNA, pamoja na spora
- RNA ya GFP yenye urefu na wingi sawa na yako, pamoja na spora
- RNA ya jeni lengwa, pamoja na spora
- Maji bila spora

RNA ya GFP itengenezwe siku ileile, kwa kiti ileile, isafishwe kwa njia ileile. Ulinganisho utakaoandikwa kwenye makala ni wa kundi la tatu dhidi ya la pili. La kwanza lipo ili ujue kama RNA yoyote ile ina athari. La nne nitalirudia mwishoni.

## Hatua ya 5: Vuna spora na uzihesabu kwa uaminifu

Otesha kuvu siku 10 hadi 14 penye mwanga, mpaka sahani ijae vumbi la kijivu. Mimina maji yenye Tween 20 (sabuni laini) ya asilimia 0.02, kwangua taratibu, chuja kwa pamba ya kioo ili hifa zibaki nyuma. Bila Tween spora huelea na kugandana, na hesabu inakuwa ya kubahatisha.

Zimua mara 10, hesabu kwenye miraba mikubwa ya kioo. Tuseme wastani ni spora 24 kwa mraba. Zidisha kwa 10,000, kisha kwa 10 za kuzimua: spora 2,400,000 kwa mililita. Unataka 100,000 kwa mililita, mililita 10. Chukua mililita 0.42 za spora, ongeza mililita 9.58 za mchuzi wa viazi wa nusu nguvu.

Mchuzi si hiari. Spora za Botrytis kwenye maji matupu hushindwa kuambukiza jani zima lisilo na kidonda. Zinahitaji sukari na madini kidogo ya kuanzia. Anayetumia maji hupata majani masafi kwenye makundi yote, akadhani RNA ya GFP nayo inaua kuvu.

Makundi yote matatu yenye spora yachote kutoka chupa moja, na itikise kabla ya kila kuchota kwa sababu spora huzama. Weka tone moja kwenye kioo ulitazame baada ya saa 8: nyingi ziwe zimechipua. Zisipochipua, usiendelee.

## Hatua ya 6: Weka matone

Zipo njia mbili. Unaweza kunyunyiza RNA juu ya jani na kuambukiza siku inayofuata, au ukachanganya RNA na spora ndani ya tone moja. Anza na tone. Kunyunyiza kunaongeza mambo mengi ya kuhangaikia kwa wakati mmoja: ukubwa wa manyunyu, nta ya jani, RNezi zilizo juu ya jani. Tone linajibu swali moja tu, kama RNA hii inaidhuru kuvu hii.

Wingi unaotumika sana ni nanogramu 20 kwa mikrolita. Tone la mikrolita 10 linabeba nanogramu 200. Kwa majani 10, kila moja likiwa na matone manne ya kila RNA, unahitaji mikrogramu 8 kwa kila RNA, na kwa marudio matatu 24. Tengeneza 40, maana kuna kumwagika, na kuna zile jeli mbili. RNA ikichukua nafasi ndani ya mchanganyiko inazimua spora pia, kwa hiyo kundi la maji liongezewe maji kwa ujazo uleule.

Tandika karatasi mbichi chini ya sanduku, panga majani, uso wa juu uelekee juu. Upande mmoja wa mshipa wa kati weka matone ya GFP, upande wa pili matone ya jeni lengwa. Majani hayafanani hata yakitoka mmea mmoja, na kwa njia hii kila jani linajilinganisha lenyewe. Badilisha kulia na kushoto kati ya jani na jani. Makundi ya maji yawe na majani yao.

Funika, weka nyuzijoto 20 hadi 22, usiguse. Usifungue kila saa tatu kuchungulia. Tone likikauka kabla spora hazijapenya, jaribio limekwisha.

## Hatua ya 7: Pima madoa bila kujua unachopima

Piga picha baada ya saa 48 na saa 72, rula ikiwa ndani ya picha. Muda mzuri ni pale madoa ya kundi la maji yametanuka kupita mipaka ya tone lakini bado hayajagusana. Yakishaungana hakuna cha kupima.

Mpe mwenzako picha azibadilishe majina kabla hujazifungua kwenye ImageJ, programu ya kupimia picha. Ukingo wa doa la Botrytis hauna mstari wa wazi, na mkono wa mtu anayetaka matokeo huukata ndani kidogo kwa kundi analolipenda. Simtuhumu mtu, nimejikamata mwenyewe nikifanya hivyo.

Kwenye takwimu, kizio ni jani. Matone manne ya RNA moja kwenye jani moja ni wastani mmoja, si vipimo vinne. Na jaribio zima lirudiwe mara tatu kwa spora mpya. Majani 30 ya siku moja bado ni jaribio moja.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwamba jeni imenyamaza kweli

Doa dogo si ushahidi wa kunyamaza. Chukua sampuli saa 24 hadi 48 baada ya kuambukiza, toa RNA, pima kwa qPCR.

Mara yangu ya kwanza jeni lengwa ilionekana *kupanda* zaidi ya mara kumi kwenye majani yaliyowekewa RNA, ilhali madoa yake yalikuwa madogo. Nilikaa wiki nikitunga nadharia ya kuvu inayojihami. Mwenzangu aliangalia praima zangu dakika mbili, akacheka. Zilikuwa ndani ya kipande nilichonyunyiza. Nilikuwa napima RNA yangu mwenyewe, ileile niliyoiweka kwa pipeti.

Kinga ni mbili, na uzitumie zote. Angalau praima moja ya qPCR iwe nje ya kipande, kwenye ile sehemu uliyoiacha hatua ya 2. Na cDNA itengenezwe kwa oligo-dT, inayoshika mkia wa A wa RNA halisi za kuvu. RNA yako ya nyuzi mbili haina mkia huo.

Jeni ya kurejelea, yaani isiyolengwa unayolinganishia kipimo, kama aktini au tubulini, iwe ya kuvu, si ya mmea. Ukirejelea jeni ya mmea, kila jani lenye ukungu mdogo litaonekana limenyamazishwa, kumbe kuvu yenyewe ndiyo iliyopungua. Jaribu pia praima zako kwenye jani safi: zisitoe kitu.

Baada ya kurekebisha kwa jeni ya kurejelea, ikiwa jeni lengwa imechelewa kuonekana kwa mzunguko 1 wa qPCR ukilinganisha na kundi la GFP, RNA yake imebaki nusu. Mizunguko 2, robo. Usitarajie sifuri, kunyamazisha si kufuta.

Matokeo yanaweza kukataa kupatana. RNA ya jeni ikipungua lakini madoa hayakubadilika, huenda jeni ina ndugu anayeshika kazi yake, kama CYP51A, B na C za Fusarium, na hapo lenga zote kwa kipande kimoja kilichounganishwa. Madoa yakipungua bila RNA ya jeni kupungua, rudi kwenye mfuatano na utafute jeni nyingine uliyoigusa bila kukusudia. Na kama GFP nayo imepunguza madoa karibu sawa na jeni lengwa, umeonyesha kinga ya mmea, si kunyamazisha, na hakuna takwimu itakayobadilisha hilo.

## Hatua ya 9: Futa nyayo zako

Majani, karatasi na sahani zote ziingie otoklevu kwa nyuzijoto 121, dakika 20, kabla hazijatupwa. Futa masanduku kwa dawa ya klorini, suuza, malizia na ethanoli ya asilimia 70. Fungua masanduku yenye ukungu mbali na mahali mimea inapokaa, kwa sababu spora hizi hupeperuka kwa pumzi tu.

Hapa ndipo kundi la nne linapolipa gharama yake. Jani la maji bila spora likitoa doa la kijivu, spora za jaribio la wiki iliyopita zimo chumbani, na hesabu yako ya 100,000 kwa mililita haina maana tena kwenye majani yale mengine. Tupa yote, safisha chumba, anza na mimea mipya.